Kadi ya tyuna mbili kwenye kompyuta ya sebuleni: chaneli zinavunjika, kurekodi kunagoma

mpenda_rimoti aliandika:

Wakuu, habari za muda huu. Nimepekua nyuzi za zamani sikupata linalonihusu moja kwa moja, kwa hiyo mnivumilie, nitaeleza kirefu kidogo.

Nina kompyuta ndogo iliyokaa chini ya runinga, kazi yake filamu, muziki na picha za familia basi. Ndani kuna Linux na Kodi, programu ya kuonyesha filamu na runinga. Kilichonichosha ni rimoti: moja ya king'amuzi cha kebo, moja ya kompyuta, moja ya amplifaya. Watoto wanazichanganya, mama yao ameshasema hagusi hata moja. Nikaona dawa ni kuweka kadi ya tyuna, yaani kipokezi cha mawimbi ya runinga, ndani ya kompyuta, chaneli za kebo ziingie humo humo kwenye Kodi, na nipate na kurekodi.

Kadi ni ya PCI Express, tyuna mbili, inapokea DVB-C, yaani runinga ya kidijitali ya kebo. Linux imeitambua bila kelele, nikiangalia /dev/dvb naona adapter0 na adapter1. Nimesakinisha Tvheadend ndiyo inayopokea, Kodi inaonyesha tu. Kutafuta chaneli kulikwenda vizuri, zikaja nyingi kuliko nilivyotarajia. Furaha ikaishia hapo.

Kwanza, sehemu kubwa ya chaneli hazifunguki. Skrini nyeusi, hakuna sauti, baada ya muda Kodi inarudi kwenye orodha.

Pili, zile zinazofunguka, baadhi ziko safi kuliko hata zilivyokuwa kwenye king'amuzi, na baadhi picha inavunjika vipande vya mraba na sauti inakatika. Haivunjiki muda wote. Inakaa sawa, halafu inaharibika ghafla, halafu inatulia. Kero yenyewe ni kwamba faili lililorekodiwa nalo linatoka na majeraha hayo hayo.

Tatu, hili limenichanganya zaidi. Nikipanga kurekodi vipindi viwili huku mama watoto anaangalia cha tatu, inagoma na kuandika kwamba hakuna adapta iliyo huru. Sawa, tyuna ni mbili, naelewa. Lakini kuna jioni vilirekodiwa vipindi vitatu kwa mpigo na mtoto anaangalia katuni juu yake, wala haikulalamika! Sasa tyuna mbili zimewezaje?

Nne, tangu nichomeke kebo kwenye kadi, spika zina mvumo. Nikichomoa kebo, kimya.

Waya zangu ziko hivi: tundu la ukutani, kisha splita (kigawanyi) ya njia nne. Njia moja inakwenda modemu, moja runinga ya chumbani, moja kadi, moja haina kitu. Kutoka splita hadi kadi natumia kebo nyembamba niliyokuwa nayo tu ndani.

Je, kadi ni mbovu? Niirudishe nichukue ya tyuna nne? Au tatizo ni nguvu, niweke busta ya kukuza mawimbi?

kijana_ghorofa3 alijibu:

Busta mkuu, usijichoshe. Splita ya njia nne inakula mawimbi, kila mtu anajua. Weka busta kabla ya kadi, picha itatulia. Hiyo nyeusi nayo huenda ni nguvu ndogo.

fundi_koaksia alijibu:

Busta usinunue. Na kadi usiirudishe bado.

Kabla sijaanza kuchezea kompyuta hizi nilikuwa navuta na kupima laini za kebo, na nikikuta mtu analalamika kadi mbovu, kitu cha mwisho kukishuku huwa ni kadi. Katika manne uliyotaja, matatu hayahusiani na nguvu ya mawimbi hata kidogo. Naanza na hilo la tatu lililokuchanganya.

Tyuna haishiki chaneli. Inashika masafa, na kwenye masafa hayo chaneli kadhaa zimepakiwa pamoja. Mzigo huo ndio multipleksi. Ni kama basi: tyuna moja inasimamisha basi moja, na abiria wote waliomo unaweza kuwashusha kwa pamoja bila kulipa nauli ya pili. Kwa DVB-C, mkondo wa upana wa megahezi 8 uliopangwa kwa QAM 256 (namna ya kupakia data kwenye mawimbi) na kasi ya alama elfu 6900 kwa sekunde unabeba takriban megabiti 51 kwa sekunde. Ukiwa QAM 64, unabeba kama 38. Chaneli ya HD inatumia megabiti 8 hadi 12, ya kawaida 3 au 4. Ndiyo maana humo ndani zinaenea HD nne tano, au za kawaida zaidi ya kumi. Vile vipindi vitatu na katuni ya mtoto vilikuwa ndani ya multipleksi mbili, basi. Jioni iliyogoma, vitu vitatu vilikuwa kwenye multipleksi tatu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa ya tyuna nne, fungua Tvheadend, nenda kwenye orodha ya huduma, ipange kwa safu ya multipleksi. Chukua karatasi, andika chaneli ambazo nyumba yako inaziangalia kweli, si zote zilizopatikana. Wengi wakifanya hivyo wanakuta kila wanachokipenda kimejaa kwenye multipleksi tatu au nne, na mara chache watu wa nyumba moja wanataka vitu vya zote saa moja. Pia angalia kama chaneli moja imejitokeza mara mbili kwenye masafa tofauti. Ikiwepo, ziunganishe huduma zote mbili kwenye chaneli moja, usiache chaneli mbili zenye jina moja. Tvheadend itachagua yenyewe ile iliyoko kwenye masafa ambayo tyuna imeshayashika.

Jambo jingine watu hawaambiwi: kurekodi kuna kipaumbele kuliko kuangalia. Tyuna zikiisha, muda wa kurekodi ukifika, anayeangalia ananyang'anywa. Mwambie mama watoto mapema, la sivyo lawama zitakuja kwako na kadi yako.

Chaneli nyeusi. Hizo zimefungwa. Nguvu haihusiki hapo, kijana wa ghorofa ya tatu anisamehe. Tyuna inazipata vizuri kabisa, ndiyo maana zilionekana kwenye utafutaji, ila zimesimbwa na ufunguo uko kwenye kadi janja ya king'amuzi chako. Kuna kadi za kompyuta zenye nafasi ya kuchomeka moduli ya CI (kifaa kidogo kinachobeba kadi janja), na ukiwa na moduli ya aina ya zamani pamoja na kadi janja yako halali, inafungua na kuipa kompyuta picha iliyo wazi. Lakini kampuni nyingi zimehamia CI+, na hiyo ikishafungua inasimba tena kati ya moduli na runinga, na inadai kifaa chenye cheti. Runinga za dukani zina cheti hicho, kompyuta yako haina. Usinunue moduli kwa kubahatisha. Ipigie kampuni yako simu, uliza swali moja tu: chaneli gani mnazirusha bila kusimba kwenye kebo? Jibu hilo ndilo linaloamua kama mradi mzima una maana. Ukiambiwa hakuna hata moja, funga kompyuta, rudi kwenye rimoti zako.

Zile zisizofunguka zizime kabisa kwenye orodha, zisimsumbue mtu. Kodi ikiwa na chaneli zinazofunguka tu, hata asiyependa mitambo atazoea.

Mvumo. Kompyuta yako imeunganishwa na waya wa ardhi kupitia plagi, na ganda la kebo nalo limeungwa na ardhi kwingine, pale kebo inapoingilia jengo. Sehemu hizo mbili hazina volteji sawasawa, basi mkondo mdogo unapita kwenye ganda la kebo, unaingia kwenye kompyuta, unatokea kwenye waya wa sauti kwenda amplifaya. Ukichomoa kebo umekata mzunguko, kimya kinarudi. Kuna kitenganishi kidogo cha koaksia kinachopitisha mawimbi ya runinga lakini kinakata muungano wa umeme. Kiweke kati ya splita na kadi. Au toa sauti kwa waya wa mwanga, huo haupitishi umeme. Nakuomba jambo moja tu: usije ukakata waya wa ardhi kwenye plagi ya kompyuta. Nimeshaona watu wazima wakifanya hivyo ili spika zinyamaze.

Imebaki picha kuvunjika, na hapo siwezi kusema kitu bila namba. Kwenye Tvheadend kuna ukurasa wa hali, sehemu ya mikondo. Fungua chaneli moja safi, andika masafa, aina ya QAM, SNR (mawimbi yanavyoizidi kelele), na safu ya vipande visivyosahihishika, yaani data iliyofika imeharibika bila kurekebishika. Kisha fungua zinazovunjika, andika vivyo hivyo. Safu ya nguvu usiihangaikie, kila draiva inaiandika kivyake. Ninachotaka ni SNR na vile vipande. Kwa QAM 256 nataka kuona SNR ya desibeli 32 au zaidi, na vipande visivyosahihishika sifuri, wala si vichache. Kila kinapoongezeka kimoja, hapo ndipo umeona mraba kwenye skrini.

mpenda_rimoti aliandika:

Mkuu, hili la multipleksi limenifungua macho. Nimeandika kwenye karatasi kama ulivyosema: tunachokiangalia sisi kiko kwenye multipleksi nne tu, na katuni zote ziko moja. Tyuna nne nimeziweka pembeni kwanza.

Namba hizi hapa, masafa kwa megahezi, zote ni QAM 256:

338 – SNR 37.4, visivyosahihishika 0
426 – SNR 36.9, visivyosahihishika 0
786 – SNR 35.8, visivyosahihishika 0
794 – SNR 30.1, vinaongezeka kwa vishindo
802 – SNR 29.6, hivyo hivyo
810 – SNR 28.9, hii ndiyo mbaya kuliko zote

Na SNR ya hizo tatu za mwisho haitulii. Inapanda hadi 33, inashuka hadi 27, bila mimi kugusa kitu. Zile za juu kwenye orodha zimetulia tuli.

fundi_koaksia alijibu:

Namba nzuri sana hizi. Ziangalie tena uone 786 na 794. Ni jirani, megahezi 8 tu kati yao, lakini tofauti yake ni karibu desibeli 6.

Ingekuwa kebo ndefu au splita imekula nguvu, ungeona mteremko. Koaksia inapoteza zaidi kadiri masafa yanavyopanda, lakini inapoteza taratibu, kutoka 338 hadi 786 kama ulivyoona, desibeli moja na nusu. Haiporomoki ghafla kwenye 790. Splita nayo haichagui: ya njia nne inapunguza karibu desibeli 7 kila tundu, ya njia mbili karibu 3.5, kwa masafa yote takriban sawa. Na kwako kwenye 338 baada ya splita hiyo hiyo bado una 37. Nguvu unayo.

Kinachoanzia 791 ni simu. Masafa ya 791 hadi 821 katika nchi nyingi, za Ulaya kwa mfano, yaliondolewa kwenye runinga za antena yakapewa mitandao ya simu kwa ajili ya 4G. Mnara unarusha hapo, na simu inajibu kwenye 832 hadi 862. Kebo haikuhama, kwa sababu iko ndani ya waya na haipaswi kukutana na mnara. Haipaswi, mradi waya uwe na kinga kamili. Sasa wewe una "kebo nyembamba niliyokuwa nayo tu ndani". Hebu ikate kichwa chake kimoja uone. Nitashangaa kama ndani utakuta kitu zaidi ya nyuzi chache za wavu zilizotawanyika, unaona plastiki nyeupe katikati yake. Kebo ya maana ya runinga ina karatasi ya alumini iliyozunguka kote, kisha wavu mzito juu, wakati mwingine tabaka la tatu. Na kichwa cha F kiwe cha kugandamizwa kwa kifaa chake, si kile cha kusokota kwa mkono ambacho kinalegea chenyewe na kuacha mwanya. Mwanya wa unywele unatosha.

Kuna jaribio la bure kabla hujanunua. Fungua chaneli ya 810, weka ukurasa wa mikondo mbele yako, chukua simu iliyo kwenye data ya mtandao, zima waifai, anza kupakua kitu kikubwa huku simu ukiipitisha karibu na ile kebo nyembamba, kisha karibu na splita, kisha nyuma ya kompyuta. Pale namba zitakapotikisika zaidi ndipo penye tundu. Kama simu yako inatumia masafa mengine hutaona kitu, na hiyo haimaanishi kebo ni nzima, mnara bado upo.

Ukibadilisha kebo, lile tundu la splita lisilo na kitu lizibe kwa kizibo cha omu 75. Likiwa wazi mawimbi yanagonga na kurudi, na pia ni mlango mwingine.

Busta ungeiweka hapo ingekuza chaneli na simu kwa kipimo kile kile. Busta ina mahali pake, mwanzoni mwa laini kabla ya splita, pale ambapo mawimbi bado ni safi ila yanakwenda kugawanywa njia nyingi. Kuiweka mwishoni ni kukuza uchafu.

dada_seva alijibu:

Fundi kamaliza ya waya, niongeze moja ambayo bado hujaiona kwa sababu picha inavunjika, ila ikitulia tu utaiona. Angalia maandishi yanayotambaa chini ya taarifa ya habari. Nakuhakikishia yatakuwa yanatetema, yanakwenda, yanasita, yanakwenda. Wengi wanadhani ni mawimbi, wanarudi kuwasumbua mafundi.

Chaneli nyingi za DVB-C zinatumwa kwa nusu-picha 50 kwa sekunde: nusu moja ina mistari ya witiri, inayofuata ina mistari ya shufwa. King'amuzi kinayajua haya tangu kuzaliwa. Kompyuta haijui, na skrini yake kwa kawaida imewekwa hezi 60. Ukiigawa 50 ndani ya 60 kuna picha zitaonyeshwa mara mbili na nyingine mara moja, ndiyo hiyo mtetemo. Kwenye Kodi, mipangilio ya kichezeshi, kuna pa kuruhusu skrini ibadilishe kasi kufuata video. Iwashe, na hakikisha runinga inakubali hezi 50 kupitia HDMI. Runinga itakuwa giza kidogo kila unapoingia kwenye video, ni sawa, inabadilisha gia.

Kisha mistari. Kama chip ya picha ni ya Intel, yenyewe iwe inafanya kazi ya kuunganisha nusu-picha kupitia VAAPI (njia ya Linux ya kuipa chip ya picha kazi ya video), usiache prosesa ifanye. Chagua njia inayotoa picha kamili 50, si ile inayotupa nusu moja ikabaki na 25. Mpira wa miguu ndio utakuambia: mpira ukiwa na mkia wa meno ya kitana, mistari haijaunganishwa, ukiwa unaruka hatua kwa hatua, uko kwenye 25.

Nimeona watu wanabadilisha kadi mara mbili kwa sababu ya maandishi yanayotetema. Kadi ya tyuna haichori picha. Inapokea data na kuikabidhi, basi.

msomaji_kimya aliuliza:

Samahani kuingilia uzi. Kuna mtu ananiuzia kadi ya Ceton InfiniTV, tyuna nne, bei ya kutupa, anasema ni ya kebo na inafungua hata zilizofungwa. Inafaa na mimi ninunue?

dada_seva alijibu:

Hapana ndugu, labda kama uko Marekani na una historia ndefu na kampuni yako ya kebo. Kadi hiyo ilitengenezwa kwa CableCARD, utaratibu wa Marekani ambapo kampuni ya kebo ilikupa kadi ya ufunguo ukaichomeka kwenye kifaa chako mwenyewe. Ulikuwa mpango mzuri, nasema kweli. Lakini chaneli zilizowekewa alama ya "kunakili mara moja tu" zilikubali kufunguka ndani ya Windows Media Center peke yake, na Microsoft waliiondoa Media Center kwenye Windows 10 mwaka 2015. Mwaka 2020 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, nao wakaacha kuzilazimisha kampuni kuendelea na CableCARD. Na zaidi ya hayo, kebo ya kule ni mikondo ya megahezi 6 na QAM ya aina yake, haipatani na DVB-C. Bei ya kutupa ina sababu.

mpenda_rimoti aliandika:

Wakuu, mrejesho.

Nimekata ile kebo nyembamba. Wavu wake unahesabika kwa macho, alumini hakuna. Jaribio la simu nalo lilifanya kazi: nikiiweka simu juu ya kebo, vipande visivyosahihishika vinakimbia kama mita ya umeme, nikiisogeza kwenye splita, kidogo tu. Nimeweka kebo yenye kinga tatu na vichwa vya kugandamiza, na kizibo kwenye tundu tupu. Sasa 794 na 802 ziko 35 na zimetulia. 810 ipo 34, bado mara mojamoja kinaongezeka kipande, nadhani ni splita yenyewe, ganda lake ni jepesi, nitaibadilisha.

Kitenganishi nimekipata pia, mvumo umekwisha. Na dada, maandishi ya habari yalikuwa yanatetema kweli! Nimeweka hezi 50.

Kampuni yangu wamesema zisizosimbwa ni zile za kitaifa na za mikoa, filamu na michezo zimefungwa. Kwa hiyo king'amuzi kinabaki kwa ajili ya mechi, ila jioni za kawaida ni Kodi tu, rimoti moja. Mama watoto ameigusa.

Swali la mwisho. Sitaki kompyuta ikae macho usiku kucha. Inaweza kulala na kuamka yenyewe kurekodi? Na diski ya terabaiti 2 itatosha?

dada_seva alijibu:

Diski inatosha. HD ya megabiti 8 kwa sekunde ni gigabaiti 3.6 kwa saa, kwa hiyo una kama saa 550. Tvheadend inahifadhi data jinsi ilivyokuja, haiibani upya, ndiyo maana prosesa haitoki jasho wakati wa kurekodi.

Kuamka inawezekana kwa amri ya rtcwake, au kuandika muda kwenye /sys/class/rtc/rtc0/wakealarm, mradi BIOS iruhusu. Andika skripti ndogo inayoiuliza Tvheadend kipindi kijacho ni saa ngapi, iweke kengele, ndipo ilaze mashine. Saa ya mazabodi iwe UTC (saa ya kimataifa), ama sivyo itaamka saa kadhaa mapema au kipindi kimeshaisha. Draiva nyingi za tyuna hazipendi kulazwa: mashine inaamka, adapta ziko palepale, lakini hazishiki kitu. Iondoe draiva kabla ya kulala na uipakie upya ikiamka, kisha uwashe Tvheadend baada yake. Kengele iwe dakika 10 kabla ya kipindi, si 1, maana chip lazima ipakiwe famuwea yake, yaani programu yake ya ndani, kwanza.

fundi_koaksia alijibu:

Na ukiongeza dakika za akiba mwanzo na mwisho wa kipindi, kumbuka hesabu ya tyuna. Kipindi kinachoisha saa 3:00 kwenye 338 na kingine kinachoanza saa 3:00 kwenye 426, ukiweka akiba ya dakika 10 vitakuwa vinarekodiwa kwa pamoja, tyuna zote mbili zimekwenda, na anayeangalia multipleksi ya tatu atakatiwa kwa dakika hizo. Weka 2 mwanzoni na 5 mwishoni, mpira tu ndio uupe 30.

Splita mpya ichukue ya njia tatu kama tundu la nne hulihitaji. Zile za njia tatu nyingi zina tundu moja linalopoteza karibu 3.5 na mawili yanayopoteza karibu 7, imeandikwa kwenye ganda. Hilo la 3.5 mpe modemu.